Kifyatulio Kizito

Waiswa amekufa kitandani kwake, juu ya godoro nene, mkewe akimpepea. Kisukari. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, na aliyepiga, Mama Nakku, jirani yangu wa zamani wa Masese, alingoja niseme pole, maana maiti ni maiti hata akiwa mbaya vipi. Nilichosema sikiandiki hapa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa na picha za kifo cha mtu yule, nyingine nilizipamba mwenyewe nikiwa juu ya mswala, Mungu anisamehe, na katika picha hizo zote hapakuwa na godoro wala mke wa kupepea. Wenzangu wa rika langu huniambia, Hadija, umri huu ni wa kusamehe, umekwenda Makka ukarudi, tasbihi haikutoki mkononi. Mimi huwajibu kwamba tasbihi ni tasbihi na Waiswa ni Waiswa. Leo nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka niliochagua bastola, na nitausimulia nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikingoja ipoe nitaanza kujipendelea.

Mume wangu Abdalla alikuwa mnunuzi wa samaki kwenye mwalo wa Masese, pale Jinja mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na Waiswa alikuwa mnunuzi mwenzake. Wavuvi walimpenda Abdalla zaidi kwa kuwa mizani yake haikuwa na ujanja. Asubuhi moja, watu wamejaa, mitumbwi inashusha, Waiswa alimnyooshea Abdalla kidole akapiga kelele neno moja: mwizi. Kwetu neno hilo halihitaji la pili. Nilipofika kutoka nyumbani nilimtambua mume wangu kwa soksi, nilizomfulia mwenyewe jana yake. Waiswa hakurusha jiwe, hakushika fimbo, hata shati lake halikuchafuka. Alipohojiwa alisema alidhani ameona mtu anafungua injini ya mtumbwi wa watu, kumbe macho yalimdanganya, anasikitika sana. Askari aliyeandika maelezo aliniambia kwa upole, "Mama, watu iko wengi, nani tutashika? Na mtu kupiga kelele tu, hiyo hapana kesi." Siku ya tatu ya matanga Waiswa alikuja na kilo mbili za sukari. Nikazipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, nikamshukuru, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikazimwaga chooni. Nilisimama pale nikitazama sukari ikizama, na nadhani hapo ndipo niliamua.

Nilihamia Mbale, chumba kimoja Nabuyonga, ukuta mmoja na mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi tangu alfajiri, hivyo nguo zangu zote za eda zilinuka mafuta. Eda ilipokwisha, biashara niliiendeleza mimi. Kila wiki nilishuka Jinja, nikaenda Masese, nikanunua mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, nikawapandisha Mbale kuwauza. Na kila wiki nilimsalimia Waiswa. Watu wakasema mjane wa Abdalla ana moyo wa dhahabu. Kumbe simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nilikuwa nimeshaandika maombi ya kumiliki bastola, na sababu niliyoandika, wanyang'anyi wa barabarani, hakuna aliyeitilia shaka, kwa kuwa wanyang'anyi walikuwepo kweli. Barua ya mwenyekiti wa kijiji nikaipata, ya polisi wa wilaya nikaipata baada ya kuzungushwa miezi. Kilichobaki kilikuwa cheti cha mwalimu kwamba najua kushika silaha, na mwalimu alikuwa Afande Opio.

Afande Opio alikuwa mzee wa Kiteso aliyestaafu kutoka magereza, ambako kazi yake ilikuwa kutunza ghala la silaha. Sasa alifundisha walinzi wa kampuni moja ya Jinja, na raia wachache wenye barua kama zangu, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa chini ya mlima Wanale. Siku ya kwanza alitandika gunia juu ya meza akapanga bastola tatu. Kwa kazi zote zilikuwa za aina moja: ukifyatua, yenyewe hutupa ganda na kujipakia risasi nyingine, nawe huna la kufanya ila kulegeza kidole na kubonyeza tena. Tofauti ilikuwa kwenye kifyatulio. Ya kwanza, nyeusi, kuukuu, ilikuwa na nyundo ndogo kwa nyuma, na risasi yake ya kwanza ulikuwa unaivuta safari ndefu: kidole kinarudi, nyundo inainuka taratibu, kidole kinazidi kurudi, mkono unaanza kutetemeka, ndipo inalia. Zilizofuata zikawa nyepesi. Ya pili haikuwa na nyundo, na kila risasi ilikuwa sawa na mwenzake, si nzito si nyepesi. Ya tatu ulikuwa ukiitega kwanza, ukashusha kitasa cha usalama, kisha ukaigusa tu. Ilikatika kama njiti ya kiberiti. Nilipoigusa ikiwa tupu, ikasema "ti", nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Abdalla azikwe, na sioni haya kuiandika.

"Watu wanachagua bastola kama kiatu ya harusi," alisema Afande. "Wanaangalia rangi, wanaangalia jina. Mimi nasema chagua na kidole. Kidole yako inataka nini?"

"Inataka hii," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Haisumbui."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya watu waliohesabu wafungwa asubuhi na jioni kwa miaka thelathini. "Mwenye anaogopa mwizi, anauliza mimi kama bastola inakwama," akasema. "Wewe ndiyo wa kwanza kusema haisumbui."

Nilicheka, nikasema mimi ni mwanamke, kidole changu ni dhaifu. Uongo mtupu. Nilikuwa nikibeba magunia ya mukene peke yangu.

Sasa Afande alikuwa na mtindo wake, na sijauona kwa mwalimu mwingine yeyote. Alituamuru tutaje kwa sauti kile tunachokilenga kabla ya kubonyeza. Karatasi, unasema karatasi. Kopo, unasema kopo. Alisema huko magereza aliwahi kuona askari akimpiga mwenzake akidhani ni mfungwa anatoroka, na kwamba kama angelazimika kutaja anachokiona, asingefyatua. "Mdomo kwanza, kidole nyuma," ndivyo alivyokuwa akipiga kelele, na sisi wanafunzi wanne, mimi na walinzi watatu, tulisimama mstari mmoja tukitaja karatasi, karatasi, karatasi, kama watoto wa madrasa. Walinzi walimwigiza kwa siri wakati wa chai. Mimi nilishika sana mtindo ule, nikawa namshinda kila mtu kwa utii, na kwa wiki tatu nilikuwa mwanafunzi bora. Bastola ya tatu nilikuwa nimeizoea hata nikiwa sokoni kidole changu kilikuwa kikiikumbuka. Wiki ya nne, jua la saa nne, karatasi ikiwa hatua kumi mbele yangu, niliinua mkono, nikashusha kitasa, nikafungua mdomo, nikasema, "Waiswa." Risasi ikatoka hapo hapo. Ilipiga katikati.

Walinzi wakaangua kicheko. "Waiswa ndiyo nani, mama? Bwana mpya?" mmoja akauliza, na mwingine akasema, "Kama ndiyo bwana, mimi napita mbali." Nami nikacheka nao, nikasema ni jina la mbwa wa jirani anayekula kuku wangu. Afande hakucheka. Alikuja akainyanyua bastola kutoka mkononi mwangu kwa vidole viwili, akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akatazama ndani kama imebaki risasi. Kisha akasema leo mafunzo yameisha, na kwamba mama watoto amepika, twende nikale kwake.

Nyumba yake ilikuwa karibu tu, vyumba viwili na baraza, kalenda za miaka iliyopita zimepigiliwa ukutani zote, hakutoa hata moja. Mkewe, Mama Nambozo, alikuwa Mgisu wa pale pale Wanale. Walioana kambini, yeye hajui Kiteso na mume hajui Kigisu, hivyo walijenga ndoa yao kwa Kiswahili cha magereza, wakalea watoto sita kwa Kiswahili hicho. Alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ndani ya mchuzi mzito wa karanga, na matoke. Nilikula kwa uchoyo. Afande aliniuliza mambo ya bei ya mukene na mvua, akaniuliza marehemu alikufa vipi, nami nikamweleza kwa ufupi, jicho kavu, bila kutaja jina. Mama Nambozo akaacha kula. Baadaye walipotoka kwenda jikoni kurudisha sahani, nilibaki barazani, na jiko lao lilikuwa la mabanzi, maneno yote yalipita.

"Nyima yeye hiyo karatasi," Mama Nambozo alisema. "Huyu mama hapana mgonjwa ya wezi. Iko mgonjwa ya kitu ingine."

"Nikinyima, atanunua ya magendo. Hapa mpaka iko karibu. Ya magendo haina mwalimu, haina namba, atapiga mtu na atapotea."

"Basi utampa?"

"Nitampa ile ya kwanza. Ile mzee. Ile inachelewa."

Nilisikia hayo yote nikiwa nimekaa na glasi ya maji mkononi, na badala ya kuona aibu nilikasirika. Niliona kwamba mzee amejifanya hakimu. Nani alimpa ruhusa ya kupima hasira yangu na kuiwekea kipimo? Waiswa alipoua hakupewa kitu kizito cha kuvuta. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko bastola zote tatu, na hakuna mwalimu aliyemwambia ataje anachokiona. Leo mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na bado nikiikumbuka baraza ile damu hunichemka. Alinifanyia hisani, najua. Lakini si kila hisani huzaa heri, na hii nitaeleza ilizaa nini. Cheti alikiandika kwa mkono wake, kikiruhusu bastola ya aina ya kwanza tu, na nilipokwenda Jinja kwenye ghala la kampuni ile kuchukua yangu, mtunza ghala alisoma cheti, akafungua kabati, akanikabidhi bastola iliyokuwa pacha wa ile kuukuu. Nilimwuliza kama hana nyepesi zaidi. Akaonyesha mstari wa Afande kwa ukucha.

Nikaenda Masese siku ya pili. Sikutaka kungoja hata wiki, nilijua nikilala nayo sana nitaizoea na kuifanya pambo la kabati. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilivaa buibui, mkoba begani, mkono wa kulia ndani ya mkoba. Waiswa alikuwa amesimama kando ya mizani yake, shati jeupe, anachokonoa meno. Aliponiona alitupa kijiti, akaweka mkono kifuani kwa heshima, akasema, "Asalaam aleikum, mukyala. Leo umewahi." Mukyala ni bibi kwa lugha yao. Yeye Mkristo, lakini alijua kutusalimia kwa salamu yetu, na alijua inatupendeza. Nilikuwa hatua tatu. Ndani ya mkoba nilianza kuvuta. Kidole kikarudi, nikaisikia nyundo ikiinuka na kukwaruza kitambaa cha mkoba, kidole kikazidi kurudi, na safari ile haikuisha. Nasema kweli, haikuisha. Waiswa alikuwa akiongea, kitu kuhusu barafu kuadimika, na mimi nilikuwa na nafasi ya kuona ana kipele shingoni, kuona mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni akipita nyuma yake, kuona kwamba mkono wangu unatetemeka na mkoba unatetemeka nao. Nikaona kwamba nitakosa. Nikaona pia kwamba sitaki kukaa gerezani nikichungwa na watu kama Afande Opio. Kidole kikalegea chenyewe. Waiswa akaniuliza, "Uko sawa?" na alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza, maana lilikuwa la huruma. Hasira yote niliyoibeba ikakosa pa kutokea ikapanda kooni. Nikatoa mkono mkobani, nikamnyooshea kidole, nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Nilimwonyesha yeye. Naapa kwa Mola nilimwonyesha yeye. Lakini nani Masese angemwona Waiswa mwizi, na shati lile, na mizani ile? Watu walitazama kidole changu wakaangalia kando yake, na kando yake alikuwa Kakaire, mpagazi, mtu wa miaka hamsini, kifua wazi, beseni la samaki kichwani. Kakaire alifanya kosa moja, kosa ambalo kila maskini wa kwetu angelifanya: aliposikia lile neno, alitupa beseni akakimbia. Kukimbia ndiko kulikomhukumu. Hawakumfikisha mbali. Kakaire huyo ndiye aliyemfunika Abdalla kwa gunia siku ile, wengine wote walipokuwa wamejitenga wanaangalia. Nilipiga kelele kwamba si yeye, na sauti yangu ikaongeza moto tu, kwa kuwa hakuna aliyesikia maneno, walisikia kilio cha mjane. Ndipo nikatoa bastola nikaielekeza juu, nikavuta kwa vidole viwili safari ile ndefu yote mpaka mwisho, ikalia. Wakatawanyika. Kakaire alikuwa chini, mkono mmoja umekunjika mahali pasipo na kiungo, mdomo umejaa damu, na alikuwa akinitazama.

Kituoni walinikalisha kwenye benchi. Nilikuwa tayari kusema kweli yote. Nakumbuka nilikuwa nimeyapanga maneno yake kichwani, pamoja na habari ya sukari. Kabla sijaulizwa, Waiswa aliingia, akavua kofia, akasimama mbele ya meza. "Afande, mimi ndiyo shahidi," alisema. "Mimi niliona na macho yangu. Ule mpagazi alikuwa anaingiza mkono kwa mfuko ya huyu mama. Mama alilia, watu wakakuja, na yeye tena ndiye aliokoa mwizi wasimuue. Huyu mama ni mtu ya Mungu." Askari aliandika, akanisifu kwamba raia wenye silaha wangekuwa wote kama mimi nchi ingetulia. Kisha akageuza karatasi kunielekea. "Mama, ni hivyo?"

Waiswa hakunitazama. Alikuwa akipangusa kofia yake. Nikafikiria nikisema hapana nitalazimika kueleza nilimwita nani mwizi, na kwa nini, na bastola ilikuja kufanya nini mwaloni. Nikatia sahihi. Nje, kwenye ngazi, alinisubiri, akasema kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, kama mtu anayempa mwenzake kiti, "Sasa tunaelewana." Tangu siku hiyo hakunisalimia tena kwa mkono kifuani. Alinisalimia kwa kichwa tu, kama watu wa kazi moja wanavyosalimiana.

Afande Opio alikuja Nabuyonga baada ya wiki mbili. Hakuketi. Alisema wenzake wa zamani wamemwambia Kakaire yuko ndani, mkono umeanza kuunga vibaya, hakimu amempa miezi sita kwa sahihi yangu. "Twende Jinja, ubadilishe maneno," akasema. "Mimi nitasimama na wewe." Nikamwambia kesho. Akaja kesho yake, nikamwambia wiki ijayo. Mara ya tatu nilimfungulia mlango nikamrushia yote niliyoyasikia barazani kwake: kwamba angenipa ile nyepesi, aliyestahili kufa angekufa, na Kakaire angekuwa na mikono miwili leo. Nilimwambia uzito wa bastola yake ndio uliomvunja yule mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba bastola, nikampa, akaitoa magazini pale pale mlangoni, akaondoka nayo, na hakurudi. Yeye naye ni marehemu sasa. Bado naamini nilichomwambia kilikuwa kweli. Na bado najua kwamba kesho niliyomwahidi haikufika, Kakaire akamaliza miezi sita yote.

Mama Nakku alipomaliza kunieleza habari za mazishi ya Waiswa, nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu yeyote wa Masese kwa miaka yote hiyo: je, Kakaire bado yu hai?

"Yupo," akasema. "Mzee sana, lakini yupo. Kila nikikutana naye ananiuliza kama wewe hujafa."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia sijui."

Nikamwambia safari hii amwambie nipo, Nabuyonga, chumba kile kile.